Arletha Amwita Babu Yake Langoni

Kila Jumamosi ya mwezi wa tano, kabla jua halijawa kali, watoto wa kanisa la Pine Grove walikutana makaburini na majembe, reki na mafagio ya matawi. Katika kisiwa cha St. Helena, pwani ya Marekani, watu hawakubali nyasi ziote juu ya wafu wao. Walikwangua ardhi mpaka ukabaki mchanga mtupu, wakaufagia, kisha wakapanga upya makombe ya chaza, vikombe na saa za zamani ambazo kila familia iliweka juu ya kaburi la mtu wake. Kazi yote ilitakiwa iishe kabla ya Siku ya Kupamba Makaburi, na mwaka huo wa 1978 mvua zilikuwa zimeacha nyasi nyingi kweli kweli.

Arletha Chisolm alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa mvivu hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa mdomo, uliozoea kufika kabla ya akili. Asubuhi hiyo alilima bila kuinua kichwa, na upande wa pili wa uwanja babu yake, Mzee Hezekiah, alikuwa akishindilia udongo wa kaburi jipya. Mzee huyo ndiye aliyechimba makaburi yote ya kanisa, na hakuwahi kudai chochote zaidi ya sahani ya wali mwekundu na kamba wa kukaanga.

"Arletha," aliita Lemuel Fripp, mvulana aliyesoma naye darasa moja ingawa alimzidi mwaka, huku ameegemea fagio lake. "Mwaka huu umefikisha miaka ya kuita. Utamwita nani?"

Swali hilo lilimchoma. Siku ya Kupamba Makaburi, wazee waliokwenda vitani huandamana kutoka kanisani. Wakifika lango la makaburi, kila mmoja husimama, na mtoto wa nyumbani kwake humwita kwa sauti kubwa: jina lake, vita alivyokwenda na kazi aliyoifanya huko. Watu hujibu wote pamoja, "Aingie," ndipo mzee hupita. Mwaka uliopita Lemuel alimwita babu yake, mpiga mizinga, na tangu siku hiyo shule nzima ilikuwa haijapumzika na habari za mizinga.

"Nitamwita babu yangu," alijibu Arletha.

"Yupi, huyu?" Lemuel alicheka. "Miaka yote hajawahi kuandamana hata siku moja. Labda huko vitani alikuwa anaosha masufuria."

"We Lemuel, chunga mdomo wako."

"Mimi nimeuliza tu. Sasa alifanya nini? Haya sema, tukusikie."

Wenzao waliacha kufagia ili wasikie. Arletha mwenyewe hakujua. Kila alipomuuliza babu yake, mzee alijibu, "Nilifanya kazi niliyopewa," kisha akatoka zake nje. Lakini wiki hiyo hiyo mwalimu wao alikuwa amewafundisha habari za askari weusi wa Marekani. Aliwaeleza juu ya watu wa visiwa vyao hivi hivi waliotoka utumwani wakavaa sare na kupigana na waliowatumikisha. Akawaeleza juu ya wapanda farasi wa nyika za magharibi, na juu ya wale wa vifaru waliosonga mbele kwenye theluji huko Ulaya. Arletha alikuwa bado anaviona vifaru hivyo kichwani mwake.

"Alikuwa kwenye kifaru," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa mpiga mzinga."

Bahati mbaya, au tuseme ilikuwa lazima iwe hivyo, Shemasi Wineglass alikuwa akipita nyuma yao na ndoo ya chokaa. Yeye ndiye mpangaji wa maandamano kila mwaka.

"Nani alikuwa kwenye kifaru? Hezekiah?" Shemasi aliweka ndoo chini, akamtazama mzee aliyekuwa kule mbali akishindilia udongo wake. "Miaka yote namwomba ndugu yangu huyu aandamane, kumbe anatuficha jambo kubwa kiasi hiki. Basi mwaka huu atatangulia mbele kabisa, karibu na bendera. Una hakika, binti yangu?"

Hapo Arletha alikuwa na nafasi ya kujitoa. Angeweza kusema hajui vizuri, na mambo yangeishia pale. Lakini Lemuel alikuwa amekodoa macho, na kukodoa kule kulimpendeza sana.

"Nina hakika, Shemasi," alisema.

Kuanzia jioni hiyo hakumpa babu yake nafasi ya kupumua. Alipomletea bamia na uji mzito wa mahindi, alimwomba aandamane. Alipompelekea maji ya kunawa, alimwomba tena. Alilitoa koti lake jeusi sandukuni, akalianika, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni mahali ambapo mzee angegongana nalo kila akipita. Mama yake, aliyefanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli ya kisiwa cha jirani, alirudi amechoka akaliona lile koti, akacheka na kusema nyumba imepata mlinzi mpya.

"Arletha, niache," babu alisema siku ya tatu. "Yale ni maandamano ya watu walioshika bunduki."

"Lakini ulikwenda vitani, babu. Mama aliniambia."

"Nilikwenda."

"Basi stahili yako iko wapi? Babu yake Lemuel anapita langoni ametuna, na wewe uliyechimba kila kaburi mle ndani unasimama nje ya ua na wanawake wanaouza karanga. Mimi sipendi."

Mzee alimtazama mjukuu wake. Aliona kwamba mtoto hakuwa anatania, na kwamba jambo lile lilimuuma kweli. "Nitafikiria," alisema. Usiku huo Arletha alilala kwa furaha, akijua kwamba kwa babu yake neno lile lilikuwa karibu sawa na ndiyo.

Alhamisi alasiri Mzee Hezekiah alirudi kutoka dukani bila sukari aliyotumwa. Alivua kofia, akaketi kwenye ngazi ya baraza, akamwita Arletha.

"Leo dukani wanaume wamesimama waliponiona," alisema. "Wamenipigia saluti. Mmoja ameniita Mzee wa Vifaru. Nimedhani wananitania, lakini hawakuwa wanacheka. Neno hili limetoka wapi?"

Arletha aliangalia miguu yake. Uongo mwingine ulimjia mdomoni, tayari kabisa, kwamba pengine watu walisikia vibaya. Aliumeza.

"Nimelisema mimi, babu. Lemuel alisema uliosha masufuria. Nilitaka anyamaze."

Alitegemea kufokewa, na mzee hakufoka. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Watu wa vifaru walikuwepo," babu alisema. "Weusi kama sisi, na walipigana kweli. Nawafahamu. Wengine wao niliwazika mimi."

Arletha aliketi polepole kando yake.

"Jeshi la wakati ule halikupenda kutupa bunduki," mzee aliendelea. "Wachache walipata. Sisi wengine tulipewa malori, masufuria na sepetu. Kikosi changu kilipelekwa Uholanzi kuchimba makaburi. Mvua ilinyesha kila kukicha, tope likawa linatuvua viatu. Tulichimba kwa sururu na sepetu, malori yakawa yanaleta wafu, nasi tunachimba tena. Siku za kwanza tulikuwa tunalia huku tunafanya kazi. Hakuna aliyemcheka mwenzake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliporudi, wenzangu walikuwa wanasimulia walivyopiga na walivyopigwa. Mimi ningesimulia nini? Watu wanataka kusikia mizinga, hawataki kusikia tope. Nikanyamaza, na labda hapo nami nilikosea. Lakini kunyamaza ni jambo moja, Arletha, na hili lako ni jambo jingine. Kijana mmoja wa kifaru nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Alikuwa na mama yake mahali fulani. Sifa ile ni yake, ameilipia kwa uhai wake. Wewe umemvua yeye ukanivika mimi."

Arletha alilia. Hakulia kwa kuogopa adhabu, kwa maana hakukuwa na adhabu. Alilia kwa sababu alikuwa amemdhania mfu kuwa ni hadithi tu, kitu cha kumnyamazishia Lemuel. Babu alimwacha alie mpaka amalize.

"Nitakwenda kwa Shemasi," alisema Arletha akijifuta uso kwa kiganja. "Sasa hivi."

"Unataka nikusindikize?"

"Hapana. Uongo niliusema peke yangu."

Shemasi Wineglass alikuwa ameketi uwanjani kwake akishona kimia, ule wavu wa kurusha kwa mkono ambao wanaume wa kisiwa huvulia kamba. Arletha alisimama mbele yake na kueleza yote, bila kujitetea. Shemasi aliacha sindano yake ya mbao hewani.

"Haya sasa, binti, umenitia matatani," alisema. "Nimeshatangaza mpaka kanisa la pili. Mchungaji wao anakuja kumwona mtu wa vifaru."

"Samahani sana, Shemasi."

Shemasi alifikiri, akatabasamu kama mtu aliyepata njia ya mkato. "Sikiliza. Siku yenyewe sema tu, 'Hezekiah Chisolm, alikuwa vitani Ulaya.' Si uongo, eti? Watu watajijazia wenyewe. Hakuna atakayeaibika, wewe wala babu yako wala mimi."

Kwa kweli lilikuwa shauri tamu. Arletha aliligeuza kichwani mara moja, mara mbili, akaona halifai.

"Nikisema hivyo, Shemasi, watabaki na kile kifaru," alijibu. "Nami nilikileta makaburini mbele ya watoto wote. Lazima nikitoe pale pale. Nitaita kazi yake kama ilivyokuwa, usipokataa."

"Kumwita mtu mchimba makaburi mbele ya wageni? Watakucheka, mtoto."

"Wacha wacheke."

Shemasi alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kimia chake. "Na huyo babu yako atakubali?"

Hilo ndilo lililobaki. Arletha alirudi nyumbani mbio, akamkuta babu pale pale kwenye ngazi, akamwambia aliyoyasema Shemasi na aliyomjibu. "Na bado nataka uandamane, babu," aliongeza. "Sasa nataka zaidi kuliko mwanzo."

Mzee alikohoa, akatazama barabara. "Utaita kama ilivyokuwa? Huongezi, hupunguzi?"

"Siongezi, sipunguzi."

"Basi lile koti lako litapata kazi."

Siku ya Kupamba Makaburi ilikuwa na jua la kutosha na upepo mdogo. Wazee waliandamana kutoka kanisani nyuma ya bendera, wengine kwa fimbo, mmoja kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na binti yake. Mzee Hezekiah hakutaka kutangulia mbele. Alitembea mwisho wa mstari, mgongo umenyooka, na watu wa kanisa la pili walinyoosheana vidole wakisema yule pale, mtu wa vifaru. Arletha aliyasikia maneno hayo yote kutoka langoni aliposimama na watoto wa kuita.

Wazee waliitwa mmoja mmoja. Lemuel alimwita babu yake kwa sauti nzito aliyojifunza kwa wiki nzima, na umati ukajibu, "Aingie." Kisha hakubaki mzee mwingine isipokuwa mmoja.

Arletha alimwona Lemuel akimtazama, akamwona Shemasi akijifanya kurekebisha bendera. Akavuta pumzi.

"Hezekiah Chisolm," aliita. "Vita Kuu ya Pili, nchi ya Uholanzi." Akawageukia watoto wenzake. "Niliwaambia kwamba alikuwa kwenye kifaru. Nilidanganya. Babu yangu alipewa sepetu. Alichimba makaburi ya askari waliokufa, kwenye mvua na tope, na baadhi yao walikuwa watu wa vifaru. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya."

Hapakuwa na jibu. Mtoto mmoja alicheka na kunyamazishwa na mama yake. Mzee Hezekiah alisimama mbele ya lango bila kutikisika, na Arletha alihisi kwamba kama watu wale hawatajibu, hatawasamehe maisha yake yote.

"Aingie."

Ilikuwa sauti moja ya mwanamke, nyembamba lakini imara. Bibi Ruthenia Mack, mzee wa kwaya, alikuwa amesimama akishikilia ua la makaburi kwa mikono miwili. "Nimesema aingie," alirudia, akiwageukia watu. "Mmeziba masikio?"

"Aingie," umati ulijibu, safari hii wote, na kwa nguvu kuliko walivyoitikia kwa mtu yeyote siku hiyo. Mzee Hezekiah akapita langoni.

Baada ya sala, watu walipokuwa wakiweka maua, Bibi Ruthenia alikuja polepole mpaka alipokuwa Mzee Hezekiah. Arletha alikuwa kando yake, na Lemuel naye alikuwa amesogea.

"Hezekiah," alisema bibi, "unamkumbuka kaka yangu Josephus. Alikuwa dereva wa lori la jeshi. Alifia huko huko Uholanzi, tukaambiwa amezikwa na wenzake, basi. Mama yangu alikufa akiuliza kazikwaje. Niambie, ulimzika wewe?"

Bibi alikuwa amemkazia mzee macho yenye machozi, na lilihitajika neno moja tu kuyakausha. Arletha alitamani kwa moyo wake wote babu alitamke neno hilo. Nani angejua? Nani angeumia?

Mzee Hezekiah alivua kofia.

"Sijui, dada yangu," alisema. "Singependa kukudanganya. Walikuwa wengi, na sura ya Josephus ningeijua, lakini wengi hatukuziona sura zao. Siwezi kusema nilimzika. Ninaloweza kukuambia ni tulivyofanya. Kila mtu tulimfunika. Kila mtu tulimpa shimo lake mwenyewe, tukalinyoosha kingo hata kama mvua ilikuwa inazibomoa. Kila mwenye jina tuliliweka jina lake juu yake. Hatukumtupa mtu, Ruthenia. Mweusi wala mweupe, hatukumtupa hata mmoja."

Bibi Ruthenia alifunga macho. Alitingisha kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza jambo analolijua zamani. Kisha akaushika mkono wa Mzee Hezekiah, ule wenye sugu, akauweka shavuni mwake.

"Hilo linanitosha," alisema. "Ungeniambia ndiyo upesi upesi, nisingelala leo. Ningekuwa najiuliza kama umenionea huruma tu."

Lemuel alimvuta Arletha mkono wa gauni. "Yale ya masufuria," alinong'ona, "nayaondoa."

"Hata wa masufuria alifanya kazi," alijibu Arletha. "Askari wangekula nini, mizinga yenu?" Lemuel akacheka, na safari hii hakukuwa na ubaya ndani yake.

Bibi Ruthenia aliwasikia, akageuka. "Wewe, Arletha, njoo hapa." Msichana alisogea, akidhani atakaripiwa kwa kucheka makaburini.

"Nikuambie kitu, nawe ukishike," alisema bibi. "Babu yako amenizikia watu wangu hapa miaka yote hii, nami sikujua kwamba angeweza kujibu swali langu. Leo ungemwita mtu wa vifaru, ningeinamisha kichwa kwa heshima nikapita. Nisingemuuliza kitu. Ningerudi nyumbani na swali la mama yangu, nikafa nalo. Uongo wako ulikuwa mzuri wa kusikiliza, lakini usingemsaidia mtu yeyote hapa. Ukweli huu wa sepetu na tope ndio niliokuwa naungoja. Kwa hiyo usiipambe kazi ya mtu, mwanangu. Iseme ilivyo. Huwezi kujua ni nani anayeihitaji."

"Ndiyo, Bibi," alisema Arletha.

"Haya, Hezekiah," Bibi Ruthenia alisema, akijisogeza kwenye benchi ili kumwachia nafasi. "Keti. Nianzie mwanzo, ile mvua na lile tope. Usiniruke kitu."

Mzee Hezekiah aliketi. Watoto walikaa mchangani mbele yake, Lemuel mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka vitani akaanza kusimulia.